Chini ya Meza Hakuna Maswali

Binti yangu aliingia chini ya meza ya kulia siku ya Jumatatu, saa saba na robo mchana, akiwa na begi la shule mgongoni na barua ya kufukuzwa mkononi. Aliingia bila kulia, bila kupiga kelele, bila kumrushia mtu kitu, na hilo peke yake lilitosha kunishtua. Akakaa, akakunja miguu, akasema, "Sitoki." Mimi nikadhani anamaanisha mpaka jioni.

Ana miaka sita. Jina alilopewa na babu yake limo kwenye cheti cha kuzaliwa na halijawahi kutoka humo. Nyumba nzima, mtaa mzima, mpaka muuza maziwa, wanamwita Meneja. Cheo hicho alikipata akiwa na miaka miwili, siku alipomfukuza fundi bomba aliyekuja kuzibua sinki la jikoni. Fundi bomba akakusanya vifaa vyake akaondoka kweli, na hajarudi hadi leo.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Nasema mapema ili nisije nikaonekana mtu wa kutishika ovyo. Kazi yangu ni kukaa pembeni ya mtu mzima asiyejua breki ni ipi, na kumwambia kwa sauti ya upole kwamba lori lililo mbele yetu ni la kweli. Gari letu lina pedali ya breki upande wangu pia. Mwanafunzi akichanganyikiwa, mimi nakanyaga. Miaka kumi na moja ya kazi hiyo imeniachia ugonjwa mmoja: mguu wangu wa kulia haujui kama umetoka garini. Glasi ikikaribia kudondoka, mguu unakanyaga sakafu. Mtu akitaka kuropoka kwenye kikao, mguu unakanyaga. Uliwahi kukanyaga kwenye harusi ya mdogo wangu, pale bwana harusi alipoulizwa kama amekubali. Waliachana baada ya mwaka, kwa hiyo sikuuona mguu kuwa na makosa.

Nyumbani, kwa bahati mbaya, hakuna pedali. Meneja akianza, ameanza. Soksi ikiwa na mshono unaogusa kidole, anapiga kelele mpaka mbwa wa jirani wa tatu anajibu. Sahani ya bluu ikiletwa na tone la maji, inatokea dirishani. Kioo cha dirisha la sebule tulikibadilisha mara nne, mara ya tano mume wangu akapigilia ubao. Na juu ya yote hayo, maswali. Muulize Meneja swali, hata dogo, hata la mapenzi, umeshiba, umelala vizuri, nani kakusuka, uone uso unavyojifunga. Halafu ujitafutie pa kujificha.

Shule ya kwanza alimrushia mwalimu boksi zima la chaki, moja moja. Ya pili alilala mlangoni mwa darasa siku tatu, wenzake wakawa wanamruka. Ya tatu alimng'ata mwalimu mkuu kidole. Barua ilisema "amemng'ata kiongozi wa shule akiwa kazini," kana kwamba angemng'ata siku ya mapumziko ingekuwa nafuu.

Tulikuwa tumechoka. Nasema "tulikuwa" kwa adabu tu. Mume wangu ni seremala, karakana yake iko nyuma ya nyumba, na mtu mwenye karakana hakosi pa kukimbilia. Mimi na yeye tulikuwa tumebaki kupokezana zamu kama walinzi wa getini: ingia, mimi natoka, amekula, hajaoga, usimuulize kitu. Nilikuwa na miezi minane sijala chakula nimekaa.

Kesho yake akaja wifi.

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu, matroni mstaafu wa bweni la wasichana. Alistaafu akaondoka na kengele ya bweni, na hakuna aliyethubutu kumwomba airudishe. Ana watoto wawili wa kiume, mmoja ana ndevu, mwingine ana watoto, na wote wawili wakiwa mbele yake huomba ruhusa kabla ya kupiga chafya. Aliinama, akatazama chini ya meza, akanyooka taratibu.

"Tangu lini yuko humo?"

"Tangu jana," nikasema.

"Na chakula mnampa?"

"Dada, ni mtoto," mume wangu akasema.

"Ndiyo maana nauliza." Akaweka kengele mezani kama hakimu. "Sikilizeni. Nawapa mpaka Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nikija, nimkute amekaa kwenye kiti, mezani, anakula kama binadamu. Nisipomkuta hivyo naondoka naye. Atakaa kwangu miaka miwili, na nitamrudisha amenyooka mpaka msimtambue."

Mume wangu akanitazama. Wifi akanitazama. Na mimi nikausubiri mguu wangu, mguu uliowahi kusimamisha malori, ukanyage.

Haukukanyaga. Ulitulia kwenye kandambili kama wa mtu mwingine. Nikajisikia nikisema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kuwa ninayo, "Sawa, wifi."

Meneja alikuwa pale pale chini ya meza. Alikuwa amesikia. Na niseme ukweli wote: kilichonijia kwanza hakikuwa aibu, kilikuwa usingizi. Niliiona miaka miwili mizima, nami nimelala humo chali. Aibu ilikuja baadaye kidogo, ikavuta kiti, ikakaa.

Baba mwingine angeenda kutafuta ushauri. Wa Meneja alienda kutafuta mbao. Si kwamba hana akili. Anazo nyingi, ila zote za mbao. Mama yake alipougua mgongo, alimtengenezea kiti. Mwaka wa pili wa ndoa nilipomlalamikia kwamba hanisikilizi, alinitengenezea stuli nzuri sana ya kukaa karakanani. Sasa alipiga magoti, akachungulia chini ya meza, akatoka na tatizo lake mwenyewe.

"Kichwa kinagonga," akasema.

"Nini?"

"Akikaa wima, kichwa kinagonga mbao. Meza iko chini mno."

"Baba Meneja, mtoto anatakiwa kutoka."

"Ndiyo. Lakini kwa sasa kichwa kinagonga."

Jumatano akairefusha miguu ya meza. Alhamisi akaona mtoto akijinyoosha miguu yake inatokeza nje, akaongeza upana. Ijumaa akaweka rafu ya vitabu upande wa ndani, na ndoano ya begi. Wiki ya pili ikawa kila nikitoka asubuhi naiacha meza, nikirudi nakuta meza zaidi. Viti vikatolewa nje, kochi likafuata, kabati la vyombo likahamia bafuni, tukawa tunaoga tukitazamana na vikombe. Kufikia siku ya kumi meza ilikuwa imegusa kuta zote nne za sebule. Alikata pembe moja ili mlango wa mbele upate kufunguka, na nyingine upande wa jikoni ili mtu apate upenyo wa kushukia. Ilikuwa kazi nzuri, sitasema uongo. Huoni ubao mmoja unapoishia na mwingine unapoanzia. Lakini mtu akitaka kutoka mlangoni kwenda jikoni ilibidi apite ama chini kwa magoti, ama juu kwa miguu.

Mimi nilipita juu. Kwa viatu, makusudi. Nimeinamisha kichwa nisigonge taa, mkoba begani, ko, ko, ko, mpaka jikoni. Nilijiambia kwamba nyumba haiwezi kukosa hata mtu mmoja wa kusimama wima, ingawa kwa kweli nilikuwa nimepinda.

Na nilikuwa napita juu ya vichwa vya watu. Mume wangu aliingia kule chini siku hiyo ya kumi, kukaza skrubu. Alitoka baada ya saa tatu, uso umemlainika kama mtu aliyetoka likizo.

"Kuna sheria moja tu," akaniambia. "Hakuna kuulizana maswali. Kaiweka mwenyewe. Ukiuliza, unatoka."

"Sasa mnakaa mnafanya nini?"

"Anachora. Halafu anazungumza. Mama Meneja, yule mtoto anazungumza! Kanipa habari za sisimizi nusu saa nzima. Na soksi kazivaa kwa kuzigeuza ndani nje, mshono unabaki nje, haumgusi. Kaligundua peke yake."

Nilibaki nimesimama pale juu na viatu vyangu. Miaka mitatu nimepigana na zile soksi. Nimezifua kwa maji moto, nimezivuta, nimezikata, nimezililia. Haikunipitia hata siku moja akilini kuzigeuza.

Siku ya kumi na moja akaja mwalimu mkuu, yule yule aliyeng'atwa, kidole bado kimefungwa bandeji. Alileta fomu za kumfuta mtoto shuleni, zinazotakiwa kusainiwa na baba. Baba alikuwa chini. Mwalimu mkuu akanitazama, mimi nikamwonyesha upenyo, naye akaingia na tai yake, faili lake na kalamu mdomoni. Sikumwona tena mpaka saa kumi na mbili jioni.

"Mama," akaniambia akijipangusa magoti, "unajua mimi naulizwa maswali mangapi kwa siku? Mwalimu, chaki iko wapi. Mwalimu, mbona mwanangu kafeli. Mwalimu, choo kimeziba, tufanyeje. Siku moja nilihesabu, nikaachia mia mbili, na ilikuwa bado kabla ya mapumziko."

"Fomu zimesainiwa?"

Alikunja uso kidogo, kama mtu aliyechomwa na mwiba. "Kaniomba msamaha wa kidole," akasema. "Sikumuuliza chochote. Kaomba tu, katikati ya kuchora." Kesho yake alirudi baada ya masomo, amebeba mto wake wa kulalia.

Hapo ndipo balaa langu lilipoanzia, na hakuna aliyeliona. Swali halifi kwa kukatazwa. Kule chini walikuwa hawaruhusiwi kuulizana, kwa hiyo waliyabeba maswali yao, wakatoa vichwa kwenye upenyo wa jikoni, wakaniuliza mimi.

"Mama Meneja, taulo langu liko wapi?"

"Mama, samahani, saa ngapi sasa?"

"Mama Meneja, leo tunakula nini?"

"Mama, kwani haya maji yamechemshwa?"

Nyumba nzima ilibaki na mtu mmoja tu wa kuulizwa. Nikikimbilia kazini, huko nako: mwalimu, nikate kushoto? Mwalimu, hii ni gia ya ngapi? Mwalimu, yule mtu anatupigia honi sisi? Mtu pekee ambaye hakuwa ananiuliza kitu chochote alikuwa binti yangu, na kimya chake ndicho nilichokisikia kuliko vyote. Kila nikipita juu nilijua yuko wapi. Kalamu yake ya kuchorea ilikuwa inasimama mpaka nivuke.

Siku mbili kabla ya Jumamosi ya wifi nilikuwa nyuma ya ghala na mwanafunzi wangu, daktari wa meno. Huyu ni mtu anayeingiza mikono kwenye vinywa vya watu wazima kutwa nzima bila woga, lakini gia ya kurudi nyuma inamtoa jasho. Tulikuwa tunajifunza kuegesha. Sijui kwa nini nilimchagua yeye. Labda kwa sababu alikuwa anatazama kioo cha nyuma na si mimi.

"Daktari," nikasema, "Jumamosi wanakuja kumchukua mwanangu. Na kuna upande wangu mmoja unaihesabu siku hiyo kama sikukuu."

Gari likazimika. Akabaki ameshika usukani kwa mikono miwili, akifikiri sana.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "nirudi nyuma, au niende mbele?"

"Simama hapo hapo," nikamwambia. Tukasimama hapo hapo mpaka muda wa somo ukaisha.

Ijumaa jioni nilimkuta mume wangu jikoni amekumbatia viti vidogo, vinanukia vanishi.

"Dada alisema amkute kwenye kiti, mezani, anakula," akaniambia. "Basi atamkuta kwenye kiti, mezani, anakula."

"Meza gani?"

"Nimetengeneza nyingine. Ndogo. Iko chini ya hii."

"Umetengeneza meza chini ya meza."

"Ya duara," akasema, kana kwamba nilikuwa nalalamikia umbo.

Nikacheka. Kicheko kikanipeleka mahali ambapo si pa kicheko tena, nikajikuta nimeshika ukuta. Akaviweka viti chini.

"Mke wangu, ingia na wewe. Dakika tano tu. Anakungoja."

"Kasema?"

"Hawezi kuuliza kama unakuja, sheria ni yake mwenyewe. Lakini nilipomwambia natengeneza viti viwili, chake na changu, kasema vitatu."

Nilivitazama. Vilikuwa vitatu kweli, na cha tatu kilikuwa na mgongo mrefu, wa mtu anayeumwa kiuno kwa kukaa garini.

"Nani atapika?" nikasema. "Nani atafungua mlango? Nani atawaambia ni saa ngapi?"

Akavikusanya viti vyake. Alikuwa amekwisha kupoteza mazoea ya kujibu maswali. Na mimi sikumwambia sababu yenyewe. Sababu ni kwamba mtoto alinisikia nikisema "Sawa, wifi," na mimi sikujua nitamtazamaje usoni kwenye nafasi ndogo kama ile.

Jumamosi saa nne asubuhi wifi alisimama mlangoni, kengele mkono wa kulia, begi kubwa tupu mkono wa kushoto. Aliitazama meza kutoka ukuta hadi ukuta. Alimtazama mwalimu mkuu aliyekuwa anaingia kwa magoti na ndara zake, maana siku hizi alikuwa haachi hata wikendi.

"Mtoto yuko wapi?"

"Mezani," nikasema. "Kwenye kiti. Anakula." Halafu, kwa kuwa mimi si mwongo, nikaongeza, "Chini."

Wifi akaliweka begi juu ya meza. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akapiga yale magoti yake ambayo wasichana wa bweni walikuwa wakiyasikia yakilia kwa mbali wanazima taa, akaingia. Nilisikia kengele mara moja. Kisha nikasikia sauti ya Meneja, tulivu kabisa: "Kengele nayo ni swali, shangazi." Kengele ikanyamaza.

Nikangoja nisikie kilio. Nikangoja mlango wa chini ufunguke, niseme mlango kwa kukosa neno, na wifi atoke anamburuta. Mguu wangu ulikuwa tayari, au nilijidai kwamba uko tayari. Saa tano ikapita. Saa sita kichwa cha wifi kikatokea kwenye upenyo wa jikoni, kilemba kimelegea upande.

"Wifi," akasema, kwa sauti laini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "kuna mto wa ziada?"

"Na kumchukua?"

"Jioni. Jioni naondoka naye, neno langu ni lile lile. Kwanza ninyooshe mgongo." Akapokea mto, akazama.

Basi nikapika. Niliandaa sahani tano juu ya ile meza kubwa, wali, viazi, mayai, nikaenda kukaa katikati yake, mimi peke yangu, kama chakula cha sita. Nikaita. Mikono ikatokea kwenye pembe, ikachukua sahani nne, moja baada ya nyingine, ikabaki yangu, ile ya bluu. Na vichwa vikaanza.

"Mama, chumvi iko wapi?"

"Wifi, hamna vijiko vikubwa?"

"Mama, samahani, hivi viazi vina pilipili?"

Nikajibu vyote. Chumvi nyuma ya birika, vijiko bafuni kabatini, pilipili haimo. Halafu kikatoka kichwa cha mume wangu, kina unga wa mbao kwenye nyusi. Akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Mama Meneja, na wewe mbona huli?"

Lilikuwa swali la mapenzi. Najua lilikuwa la mapenzi. Lakini kuna kitu kilinipanda kutoka kwenye nyayo, mahali hasa ambapo mshono wa soksi unagusa kidole, kikapita magotini, kikafika kooni kikiwa kimeshakuwa kikubwa kuliko mimi. Niliinyakua sahani ya bluu nikairusha dirishani, wali na yote. Nilisahau kwamba dirisha ni ubao. Sahani ikagonga, ikarudi, ikanikosa sikio. Nikajitupa chali juu ya meza, nikapiga mateke, nikapiga kelele. Sikuwa na maneno, zilikuwa kelele tupu, miaka kumi na moja ya kuongea kwa sauti ya upole ikitoka yote kwa pamoja. Mbwa wa jirani wa tatu akajibu. Na nisifiche, ilikuwa tamu.

Walitoka. Mume wangu, mwalimu mkuu na wifi walijipanga kwenye upenyo wa jikoni, viwiko juu ya meza, wakaanza.

"Una nini?"

"Umeumia wapi?"

"Mama, unakumbuka leo ni siku gani?" Huyo alikuwa mwalimu mkuu, aliyewahi kusikia mahali kwamba ndivyo watu huulizwa.

"Unanisikia, wifi? Unanisikia? Unanisikia?" Wifi akalaza kifua juu ya meza, akanyoosha mkono kunigusa paji la uso, nami nikaung'ata.

Wifi aliutazama mkono wake, zile alama za meno zilizojipanga vizuri, na nikaona uso wa umatroni ukimrudia polepole.

"Tumekosea mtu," akasema. "Wa kunyooshwa si yule wa chini. Ni huyu wa juu."

Akapanda mezani. Akavuka mpaka chumbani kwetu na begi lake, akarudi limejaa nusu: gauni zangu mbili, sweta, mswaki, kandambili. "Nilisema siondoki mikono mitupu. Naondoka naye huyu. Miaka miwili."

"Dada," mume wangu akasema.

"Una la kusema?"

Alinitazama. Nilikuwa nimelala, mashavu yamelowa, punje za wali kwenye nywele. Aliyahamisha macho, akapitisha kidole kwenye maungio ya mbao kana kwamba kuna kasoro ameiona. Naye alikuwa amechoka, masikini. Nadhani aliiona miaka miwili ya kimya, akajiona amelala humo.

"Sawa, dada," akasema.

Niliitambua ile sauti ndogo. Ilikuwa yangu. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa, kwa sababu kwa mara ya kwanza niliisikia kutoka upande wa pili, upande wa yule anayesemewa "sawa." Ni sauti ndogo sana, lakini ikifika inaondoa kila kitu.

Hapo ndipo Meneja alipotoka.

Ilikuwa siku ya ishirini, na hakuna aliyekuwa anamwangalia. Alipenya katikati ya miguu yao, nywele zimesimama, macho ameyakunja kwa mwanga. Alikuwa amebeba kile kiti cha mgongo mrefu. Akakiegemeza, akapanda, akaja kwangu akitembea juu ya meza kwa soksi zake zilizogeuzwa. Hakuniuliza kitu. Akakaa karibu na miguu yangu, akanivua kiatu kimoja, akanivua cha pili, akavipanga pembeni. Akanivua soksi, akaingiza mkono ndani, akaigeuza, akanivisha tena taratibu, kidole kwa kidole. Alipofika soksi ya pili nilikuwa nimenyamaza.

"Meneja, mpishe shangazi," wifi akasema, akiinama kuinua begi.

Meneja akasimama. Akaweka mguu juu ya begi.

"Huyu ni wangu," akasema. "Hachukuliwi."

Wifi akavuta. Begi halikuja. Mtoto alikuwa amelikanyaga kwa mguu wa kulia, goti limekaza, vidole vimekunjika ndani ya soksi, kwa nguvu zake zote, jinsi mtu anavyolisimamisha gari kutoka kiti ambacho si cha dereva. Hakuna aliyewahi kumfundisha.

Mimi nilikuwa nimepewa siku kumi na nane za kuyasema maneno yale manne. Yeye hakuhitaji hata dakika. Nikajifunika uso kwa mikono nikalia, nikalia sana, na binti yangu akainua kidole kuwaelekea wote watatu, na hakuna aliyeuliza kitu.